Barua ya wazi kwa viongozi wanaokuja kutupa pole baada ya maafa

Kwa: Ofisi ya Waziri Mkuu, Idara ya Menejimenti ya Maafa, Wakuu wa Mikoa na Wakuu wa Wilaya, Wakurugenzi wa Halmashauri, na viongozi wengine wote wanaokabidhiwa kipaza sauti mahali penye msiba wa wengi.

YAH: KAULI ZENU MBELE YA WAATHIRIKA WA MATETEMEKO, MAFURIKO NA MAPOROMOKO

Waheshimiwa,

Nawaandikia kwa heshima zote, nikiwa mkazi wa Manispaa ya Bukoba niliyekuwepo mjini siku ardhi ilipotikisika, kuhusu jambo ambalo halihitaji mfadhili wala kikao cha bajeti, nalo ni maneno mnayotuambia mnapotukuta tumesimama juu ya vifusi vya nyumba zetu. Najua mna mengi ya kufanya saa hizo: kuna majeruhi wa kufikisha hospitali, kuna barabara za kufungua, kuna simu kutoka Dodoma zinazotaka idadi. Hata hivyo, kwa kuwa ni nadra janga kupita bila kauli ya kutuumiza, na kwa kuwa kauli hizo hutoka kwa watu tunaowategemea saa hiyo kuliko saa nyingine yoyote, nimeona ni afadhali niseme wazi, kwa maandishi, kuliko kuendelea kunung'unika vijiweni kama tulivyozoea.

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri, Mkoa wa Kagera ulipigwa na tetemeko la ukubwa wa 5.9 ambalo kitovu chake kilikuwa upande wa Nsunga, wilayani Missenyi. Katika hesabu za siku za mwanzo, watu 17 walikuwa wamefariki dunia, zaidi ya 250 wamejeruhiwa na nyumba zaidi ya 800 zimeanguka, achilia mbali zile zilizobaki zimesimama huku kuta zake zina nyufa za kupitisha mkono. Shule kongwe za Ihungo na Nyakato ziliharibika kiasi cha kufungwa. Sikukuu ya Idd el-Hajj iliangukia Jumatatu iliyofuata, na wapo Waislamu wa Hamugembe na vitongoji vingine walioipokea wakiwa nje, chini ya migomba, kwa sababu hakuna aliyethubutu kulala ndani wakati ardhi ilikuwa ikirudia kutikisika. Mvua nazo hazikungoja, maana Bukoba haina desturi ya kumsubiri mtu amalize kuezeka.

Sitaki kuwa mchoyo wa shukrani. Waziri Mkuu wa wakati huo, Mheshimiwa Kassim Majaliwa, alifika siku ya pili yake na kusimama nasi katika uwanja wa Kaitaba tulipowaaga marehemu wetu. Rais wa Awamu ya Tano, hayati Dkt. John Pombe Magufuli, aliahirisha safari yake ya Zambia alikokuwa ahudhurie kuapishwa kwa Rais Edgar Lungu. Waziri Mkuu aliwakusanya mabalozi na wafanyabiashara jijini Dar es Salaam wakachanga. Kenya ilileta mabati, magodoro na mablanketi. Uganda ilitoa fedha. Wananchi wa kawaida kutoka mikoa yote walituma walichonacho kwa simu. Kwa wiki kadhaa tuliona kwamba nchi nzima imeketi nasi mkekani, na hilo hatutalisahau.

Kisha ikaja ziara ya mwanzoni mwa Januari 2017. Tulikuwa tumeisubiri kwa karibu miezi minne, na waliokwenda kumsikiliza Rais walikwenda na matumaini, wengine wakiwa wametoka moja kwa moja kwenye vibanda vya maturubai. Katika ziara ile, Rais alisema kwamba Serikali haikuleta tetemeko, kwamba haitamjengea nyumba kila mtu aliyebomokewa, na kwamba fedha zilizopatikana zingekwenda kwenye miundombinu ya umma. Wapo waliopiga makofi, kama ambavyo hupigwa kwenye kila mkutano. Lakini jioni ile, sokoni na kwenye daladala, watu waliyarudia maneno yale kwa sauti ya mtu aliyepigwa kofi mbele ya watoto wake.

Hayati hayupo kujibu, na si nia yangu kumshtaki mtu aliyelala kaburini. Ninaitaja kauli ile kwa sababu ilisemwa hadharani na inajulikana, na kwa sababu ilikuwa kubwa zaidi katika ukoo mrefu wa kauli za namna hiyo ambazo bado zinazaliwa. Nataka tuitazame kwa utulivu, tuone ilikosea wapi.

Wanaoitetea husema kwamba ilikuwa kweli. Ni kweli kabisa kwamba hakuna serikali inayosababisha tetemeko. Lakini nani alikuwa ameishutumu Serikali kwa hilo? Katika siku zote zile, katika foleni zote za kujiandikisha, sikumsikia mtu hata mmoja akidai kwamba ardhi ilitikiswa na Dodoma. Kujibu shtaka ambalo halikutolewa ni njia ya kumgeuza mwombaji kuwa mshitaki, na mshitaki kuwa mkorofi. Aliyekuja kuomba msaada anajikuta ghafla anatakiwa kujieleza kwa nini anaomba.

Swali letu halikuwa kuhusu chanzo cha tetemeko. Lilikuwa kuhusu michango. Watu wa Tanga na Mbeya na Zanzibar walipotoa fedha zao, walitoa wakiwa wameona kwenye televisheni picha za akina mama waliokaa nje na vyombo vyao. Uamuzi wa kuzielekeza kwenye shule na majengo mengine ya umma huenda ulikuwa na hoja zake, maana shule nayo ni mali ya watoto wetu, na leo Ihungo imesimama upya, kwa msaada mkubwa wa Uingereza, ikiwa nzuri kuliko ilivyokuwa. Ila uamuzi wa namna hiyo huelezwa mapema kwa wenye kuchangia na kwa wenye kuchangiwa, huambatana na hesabu, na hutolewa kwa sauti ya mtu anayejua kwamba anawaambia watu jambo gumu. Tena ikumbukwe kwamba mwishoni mwa Septemba 2016 Rais huyo huyo alitengua uteuzi wa viongozi wawili waandamizi hapa Kagera, wakituhumiwa kufungua akaunti yenye jina linalofanana na lile la akaunti rasmi ya maafa. Kwa hiyo wananchi hawakuwa wamekurupuka walipouliza fedha ziko wapi. Serikali yenyewe ilikuwa imewaonyesha kwamba swali lile lina maana.

Hebu fikirini namna nyingine ambayo maneno yale yale yangeweza kusemwa. Kiongozi angesimama akasema: nyumba zilizoanguka ni nyingi kuliko uwezo wetu, hatutaweza kuzijenga zote na sitawadanganya, tumepokea kiasi hiki, tumetumia kiasi hiki kwa kazi hizi, wajane, wazee wasio na watoto na walemavu tutawaanza hawa, wengine tutawasaidia kwa ushauri wa mafundi na unafuu wa vifaa, kadiri tutakavyoweza. Hakuna shilingi moja zaidi ambayo ingetumika kwa kusema hivyo. Watu wangeondoka na majonzi yao, lakini wangeondoka wakiwa raia.

Desturi zetu zinajua jambo hili vizuri kuliko waraka wowote. Mtu anayekwenda kuhani msiba, kwa Wahaya, Wapemba au Wachaga, hamwambii mfiwa kwamba si yeye aliyemuua marehemu, wala hamuulizi kwa nini hakumpeleka hospitali mapema. Anaketi, anatoa ubani wake, anauliza maji yapo, kuni zipo, wageni watalala wapi. Maswali ya kwa nini yana siku yake, na siku hiyo huja baada ya arobaini.

Ubaya wa kauli ya mkubwa ni kwamba haibaki kwake. Inashuka. Baada ya mkutano ule, lugha ya ofisi zetu za chini ilibadilika. Nilikuwepo siku moja katika ofisi ya mtaa mmoja, ambao sitautaja, pale mama mmoja wa makamo alipofika kwa mara nyingine kuulizia jina lake kwenye orodha ya waliostahili mabati na saruji. Alikuwa amevaa kanga mbili, moja kiunoni na moja kichwani, na mkononi alishika karatasi ya tathmini iliyokunjwa mara nyingi hadi mikunjo ikawa imetoboka; nambari ya nyumba yake iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu ilikuwa inaanza kufutika kwa jasho. Mhusika hakumtazama usoni. Alimwambia, huku akiendelea kuandika, kwamba kama mkuu wa nchi ameshasema Serikali haikuleta tetemeko, yeye karani afanye nini. Yule mama alisema tu, "Haya waitu, asante," akaikunja karatasi yake upya kwa mistari ile ile na kuirudisha ndani ya kanga. Sikumwona tena akifuatilia. Sina shaka kwamba wako wengi walioacha kufuatilia kwa njia hiyo hiyo, wakaonekana kwenye taarifa kama watu waliokwisha kujimudu.

Kauli nyingine inayopendwa ni ile ya kuwalaumu watu kwa namna walivyojenga. Tuliambiwa, na viongozi wa ngazi mbalimbali, kwamba nyumba zilianguka kwa sababu zilikuwa za tope, na kwamba aliyejenga vizuri hakuangukiwa na kitu. Nikubali kwamba kitaalamu kuna ukweli ndani yake. Nyumba nyingi za kwetu zimejengwa kwa tofali za kuchoma au mawe yaliyoshikanishwa kwa udongo badala ya saruji, hazina nondo kwenye pembe, hazina lenta inayozunguka kuta zote, na zimekalia miteremko ya vilima. Ukuta wa namna hiyo unabeba bati bila tatizo kwa miaka hamsini, lakini ukisukumwa kutoka ubavuni hauna kitu cha kuushikilia, pembe zinaachana na ukuta unalala chini ukiwa mzima. Hayo yote nimeyajua baada ya tetemeko, kwa kuwauliza mafundi na wahandisi. Kabla ya hapo, katika maisha yangu yote mjini hapa, sikuwahi kumwona mtaalamu wa halmashauri akija mtaani kumweleza fundi wetu kwamba tunaishi jirani na tawi la magharibi la Bonde la Ufa, na kwamba kwa gharama ya nondo chache na mifuko kadhaa ya saruji ukuta ungeweza kuwapa watu nafasi ya kutoka. Tulichokuwa tunakiona ni mtu wa kibali cha ujenzi na mtu wa kodi ya majengo. Sasa mtu ambaye kazi yake ilikuwa kunifundisha na hakunifundisha, akija juu ya kifusi changu kuniambia kwamba sikujua kujenga, anatarajia nimjibu nini?

Dar es Salaam wana kauli yao ya namna hiyo, na imezeeka kuliko ya kwetu: waliambiwa wahame. Kila Bonde la Msimbazi linapofurika, kabla maji hayajashuka, yuko kiongozi atakayesimama na kusema kwamba watu wa mabondeni ni wabishi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40, na baadaye Serikali iliwapeleka waathirika Mabwepande na kuwapa viwanja, jambo jema lililostahili kusifiwa. Lakini mtu anayefanya vibarua Kariakoo, akihamishiwa Mabwepande, anahitaji nauli ya kwenda na kurudi kila siku, na wako waliorudi walikotoka kwa sababu hiyo tu. Mimi si mtetezi wa kujenga mtoni. Nakubali kwamba mabonde hayafai kuishi watu, na kwamba kuwaacha huko ni kuwangojea wafe. Ninachosema ni kwamba ubishi si maelezo ya kutosha ya kwa nini mtu maskini anaishi mahali pa hatari, na kwamba hata kama yangekuwa ya kutosha, hayasemwi wakati baba bado anapekua tope akimtafuta mtoto wake. Wiki mbili baadaye kiongozi anaweza kuitisha mkutano, akaja na ramani na wataalamu wake, akasema yote hayo na tukamsikiliza.

Ipo pia kauli ya mpango wa Mungu, na hii naigusa kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu sisi wenyewe ni watu wa dini, na misikitini na makanisani ndiko tulikopata faraja ya kwanza. Sisi waathirika tukisema ni kazi ya Mungu, tunajifariji. Sheikh au padri akisema hivyo, anafanya kazi yake. Mkuu wa wilaya akisema hivyo, pale alipoulizwa kwa nini maturubai yamefika baada ya siku tano, anamtumia Mungu kama mlango wa kutokea. Mungu hakuagiza maturubai yakae ghalani. Serikali yetu haina dini, ingawa watu wake wanazo, na kiongozi anayezungumza kwa niaba yake anapaswa kutuambia habari za magari, madaktari, mahema, maji na orodha. Mengine atuachie sisi na viongozi wetu wa imani.

Nami sisemi kwamba ugonjwa huu ni wa Tanzania peke yake. Italia ilipopigwa na tetemeko la L'Aquila mwezi Aprili 2009, ambapo watu zaidi ya 300 walikufa na makumi ya maelfu wakakosa makazi, Waziri Mkuu Silvio Berlusconi aliwashauri waliolala kwenye mahema wayachukulie kama mapumziko ya wikiendi ya kupiga kambi. Serikali yake ilikuja kuwajengea maelfu ya watu makazi mapya, lakini ukitaja L'Aquila leo, kinachokumbukwa haraka ni ile kambi. Huko Japani, mwezi Machi 2011, Gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, alisema tsunami ilikuwa adhabu kutoka mbinguni, kisha kesho yake akaomba radhi hadharani. Mwaka 2017 waziri wa ujenzi mpya wa maeneo yaliyoathirika na tsunami hiyo hiyo, Masahiro Imamura, alisema ni afadhali tetemeko lile lilitokea kule kaskazini mashariki, akimaanisha kwamba lingetokea karibu na Tokyo hasara ingekuwa kubwa zaidi. Kihesabu hakusema uongo. Hata hivyo alilazimika kuachia wizara, kwa sababu waliokufa kule kaskazini mashariki walikuwa watu, na yeye ndiye aliyelipwa mshahara ili awakumbuke.

Karibu na kwetu zaidi, katika bahari yetu hii hii, Rais Emmanuel Macron wa Ufaransa alikwenda Mayotte, visiwa vilivyo chini ya nchi yake, baada ya kimbunga Chido cha Desemba 2024, akazomewa na watu waliokuwa hawana maji, na kwa hasira akawajibu, tena kwa neno la matusi, kwamba kama isingekuwa Ufaransa hali yao ingekuwa mbaya mara elfu kumi zaidi. Namtaja huyu kwa sababu kauli yake ni ndugu wa damu wa tabia moja iliyozagaa hapa nyumbani, ya kudai shukrani kwa aliyeumia. Mwathirika hukabidhiwa godoro na papo hapo huwekewa kipaza sauti mdomoni amshukuru mheshimiwa, huku kamera ikiwa imesogezwa karibu vya kutosha kuonyesha machozi. Niliwahi kumwona mzee akiambiwa arudie kupokea blanketi kwa sababu mpiga picha alikuwa amechelewa. Alirudia. Yule mzee alikuwa na nyumba yake, na shamba la kahawa, na heshima ya kutosha kijijini kwake hata vijana walimpisha njia, na siku hiyo alisimamishwa kama mtoto wa shule anayepokea zawadi. Msaada unaotokana na kodi na michango ya wananchi hauna mwenyewe anayestahili kushukuriwa kwa jina. Picha za waathirika zipigwe kwa ridhaa yao, na ikiwezekana zisipigwe kabisa.

Lililonisukuma hasa kuandika barua hii ni Hanang. Maporomoko ya tope na mawe yalipoushukia mji wa Katesh na vijiji vya jirani tarehe 3 Desemba 2023, watu 89 walipoteza maisha. Mheshimiwa Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi, alikatisha ziara yake akarudi. Serikali ikagharamia mazishi na matibabu. Na baadaye waathirika wakajengewa nyumba 109 eneo la Waret. Nilifurahi kwa ajili ya ndugu zetu wa Manyara, nafurahi hadi sasa. Lakini nilipoziona zile nyumba kwenye taarifa ya habari, nilijua kwamba kuna watu wengi Kagera wanaojiuliza swali lile lile: kwa nini wao hawakujengewa? Najua jibu la kitaalamu: Hanang kaya zilizokosa makazi zilikuwa chache, na Kagera zilikuwa nyingi mno. Ni jibu la haki. Kwa nini basi sisi hatukupewa jibu hilo mwaka 2017, badala ya lile tulilopewa? Kama tungeelezwa kwamba tatizo ni wingi wetu, tusingeishi miaka yote hii tukidhani kwamba tatizo ni sisi.

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na sidai kwamba kiongozi hawezi kuteleza. Usiku wa kuamkia siku ya pili ya janga mtu hajalala, amekanyaga tope, ameona maiti, na anasukumiwa vipaza sauti kumi kwa wakati mmoja. Ndiyo maana naomba jambo hili lisiachwe kwenye busara ya mtu mmoja mmoja. Tuna Sheria ya Menejimenti ya Maafa ya mwaka 2022 inayoweka kamati kuanzia taifa hadi kijiji na mtaa. Kamati hizo zinafundishwa uokoaji na tathmini. Zifundishwe pia namna ya kuzungumza na watu waliopata msiba, na mafunzo hayo yahudhuriwe na wakuu wa mikoa na wilaya wenyewe, si na maofisa habari wao. Katika siku za mwanzo awepo msemaji mmoja anayetoa taarifa kwa saa inayojulikana, asubuhi na jioni, akieleza kilichotokea, kilichofanyika tangu taarifa iliyopita, kilichoshindikana na sababu zake. Wageni waheshimiwa wanaokuja kutupa pole watupe pole, washike mikono ya watu, wasikilize, na wakiona hawana taarifa mpya waondoke bila hotuba. Hatutawahesabu kuwa wamekuja bure.

Fedha na vifaa vinavyochangwa vibandikwe kwenye mbao za matangazo za kata na mitaa, kiasi kilichopokelewa na kilichotoka, kwa herufi ambazo bibi anaweza kusomewa na mjukuu wake. Hapa pana uhusiano mkubwa na suala la kauli kuliko inavyodhaniwa: hasira nyingi zinazowachokoza viongozi hadi wakatamka maneno makali huanzia pale ambapo watu wameuliza hesabu na hawakupewa. Mwenye hesabu mkononi hana haja ya kufoka.

Na pale ulimi utakapoteleza, mhusika aombe radhi. Hapa kwetu kuomba radhi kumefanywa kuonekana kama kuvua cheo, na matokeo yake ni kwamba kauli ikishatoka huzuka kundi la watu wa kuieleza: hakumaanisha hivyo, amenukuliwa vibaya, wapinzani wamekuza mambo. Yote hayo huchukua wiki nzima ya kelele, wakati sentensi mbili za kiongozi mwenyewe zingemaliza jambo kwa dakika moja. Sisi si watu wa kuweka vinyongo. Tulimpokea hayati Magufuli kwa vigelegele kabla ya kauli ile, na tulimlia alipofariki Machi 2021.

Nina ombi moja mahususi kwa Mkoa wa Kagera. Septemba 2026 ni mwezi ambao tetemeko lile linatimiza miaka 10. Sidhani kwamba tunahitaji mnara wala mgeni rasmi. Naomba kwamba kabla ya tarehe 10 ya mwezi huo, Ofisi ya Mkuu wa Mkoa ibandike katika kila kata iliyoathirika taarifa kamili ya michango yote iliyopokelewa mwaka 2016 na 2017, ikionyesha kila kazi iliyofanyika na gharama yake, pamoja na orodha ya kaya zilizopewa vifaa vya ujenzi na zile zilizofanyiwa tathmini lakini hazikupewa. Na kama yupo kiongozi atakayekwenda kuisoma taarifa hiyo kwa wananchi, naomba aisome yote, aruhusu maswali, na awe na muda wa kukaa hadi la mwisho lijibiwe.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mkazi wa Bukoba, Kagera